Toeni mawe kwenye tochi, jamani, kuzima peke yake hakutoshi

Wiki iliyopita nilikuwa Korogwe kwa mama. Umeme ukakatika kama saa tatu usiku, mama akapapasa ule msumari wa nyuma ya mlango, tochi ya baba inakaa hapo tangu mi niko darasa la tatu. Akasukuma swichi, kimya. Akaigonga kwenye kiganja vile tunavyogonga wote, kimya. Nikawasha simu nikaichukua niifungue, kifuniko cha nyuma kimeng'ang'ania kama kimechomelewa, mpaka nikaomba koleo kwa jirani, na kilipoachia springi ikatoka vipande viwili imeota kutu ya kijani, na nyuma yake rojo jeusi linanata, mawe yenyewe yamevimba hayatoki hata ukipiga kwenye kizingiti.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, kwani mi si nilizima?"

Alizima. Na hilo swali ndo limenikosesha usingizi usiku ule, maana ndivyo tunavyoamini wote, ukizima tochi basi umemaliza, mawe yanalala humo salama yanakusubiri. Hayalali.

Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye shamba la mkonge. Hiyo tochi ya mawe matatu, ya chuma, yenye jina lake alilolichora mwenyewe kwa msumari, alitembea nayo masika na kiangazi, imeanguka mtaroni sijui mara ngapi, imenyeshewa, imebadilishwa globu na swichi, ikawa inarudi kazini. Sasa imekuja kuuliwa na betri tatu zilizokwisha nguvu ambazo hakuna mtu aliyezitoa. Mi nimeumia sana jamani, na nimekasirika, kwa sababu hiki ni kitu cha kuzuia kwa sekunde kumi.

Ukielewa jiwe la kawaida limetengenezwaje utaona kwanini. Lile kopo la nje, chini ya bati au karatasi yenye picha, ni zinki, na hiyo zinki siyo chombo tu cha kuhifadhi dawa, ndo inayoliwa ili umeme utoke. Muundo huu ni wa tangu 1886, Mjerumani Carl Gassner alipotengeneza betri kavu akafanya kopo lenyewe kuwa upande wa hasi. Kwa hiyo kila unapowasha tochi unakula ukuta wa kopo kutokea ndani. Ukifika mahali mwanga umefifia ukuta umeshakuwa mwembamba, pengine umeshatoboka sehemu, halafu kuna gesi inajitengeneza humo na inatafuta pa kutokea, ikipita inasukuma ule uji wa chumvi nje, uji unakuta springi, unakuta rivet za swichi, unaanza kula. Hii kazi inaendelea tochi ikiwa imezimwa, mchana na usiku, na joto ndo linaichochea zaidi. Sasa fikiria nyumba zetu za bati, tochi imewekwa juu ya kabati karibu kabisa na bati lenyewe.

Halafu kuna hili la LED, na hapa na mimi nina sehemu yangu, kwa sababu miaka miwili nyuma nilimpa fundi hiyohiyo tochi ya baba atoe globu ya zamani aweke ya LED, nikafurahi kweli mawe sasa yatadumu. Yamedumu. Ila globu ya zamani betri ikichoka mwanga ulikuwa unakuwa mwekundu mwekundu, hauoni kitu, unabadilisha utake usitake. LED inakula kidogo sana, inaendelea kukupa kamwanga ka kuendea chooni hata mawe yakiwa yameshachoka kabisa, unaona bado inafaa, unairudisha msumarini, na kumbe unairudisha na kopo lililobaki kama ganda la yai. Ndo kilichotokea kwa mama.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Mwanga ukianza kufifia, toa mawe siku hiyohiyo, usiseme nitanunua mwisho wa mwezi halafu ukayaacha humo yasipotee. Na kama tochi hutaigusa wiki mbili tatu, toa hata mazima. Najua mtaniambia tochi ni ya dharura, nyoka ameingia ndani saa nane usiku we unaanza kutafuta mawe? Sawa, hiyo nakubali, tochi ya kila siku ibaki na mawe mazima ndani na uifungue kila mwezi uangalie. Lakini ile ya akiba funga mawe yake kwenye kamfuko ka nailoni, kafunge kwenye shingo ya tochi kwa mpira, yanakaa msumari uleule, mkono ukifika unakuta vyote. Kuna wanaogeuza jiwe moja kichwa chini ili tochi isijiwashe kwenye begi, hiyo haizuii kopo kuoza.

Usichanganye jipya na kuukuu. Lile zima linalazimisha umeme kupita kwenye lililochoka, na hilo ndo la kwanza kutapika.

Na kuanika mawe juani, ninajua tumelelewa hivyo, na kweli unapata kanguvu ka redio kusoma taarifa ya habari, lakini unalipasha moto kopo ambalo limeshatoboka halafu unalirudisha ndani ya kifaa chako. Moto wa jikoni ndo usithubutu kabisa, linalipuka.

Kama yameshavuja, vaa mfuko wa nailoni mkononi na usijiguse macho. Betri za alkalaini, zile zilizoandikwa "alkaline", hutoa unga mweupe, huo unauondoa kwa pamba yenye ndimu au siki kidogo. Haya mawe ya kawaida uji wake una asidi, kwa hiyo ndimu siyo dawa yake, tumia magadi yaliyoloanishwa kidogo, futa, kausha, kisha msasa laini kwenye vyuma mpaka ving'ae. Ukiwahi, tochi inapona. Na watoto wasipewe mawe yaliyokwisha kuchezea, sisi tuliyapasua tukatwanga ule unga mweusi kupaka ubao wa shule, hakuna aliyetuambia tunashika nini.

Kijana mmoja wa dukani kaniambia mama atumie tochi ya simu tu. Simu ya mama umeme ukikatika siku mbili inazima, na yeye ana miaka sabini na kitu, anataka kitu kizito mkononi chenye swichi moja.

Nimemnunulia nyingine ya mawe mawili, tumefunga kamfuko pamoja, nimemfundisha mara tatu mpaka akanikemea kwamba ameelewa. Ya baba nimekuja nayo. Mawe mawili nimeyatoa kwa kuyatoboa na skrubu, la tatu bado limegoma kule mbele, jina lake bado linasomeka vizuri. Nahitaji kifuniko cha nyuma na springi ya tochi ya zamani ya mawe matatu makubwa, mwenye kujua fundi Tanga au Dar anayeweza kuchonga, aniambie nitamfuata popote alipo.