Nilivyochuja Rangi Ukweni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutouliza. Mchumba wangu aliponiambia kwao Shirati ni Wakristo wa dhehebu la Wamennonite tangu enzi za babu yake, niliitikia "ahaa" ya mtu anayejua, kisha usiku nikajifungia na simu nikaiuliza intaneti. Picha zilizokuja zilinitoa jasho. Wanaume wenye ndevu za kidevuni bila masharubu, makoti meusi, kofia pana nyeusi. Wanawake na vikofia vyeupe vya kufunga kwa kamba. Nyuma yao, gari la kukokotwa na farasi. Umeme hawataki.

Nikasema haya, ukweni ni ukweni. Mtu wa Muheza, niliyekuzwa kwa ubani na kengele za Waanglikana, nitashindwa na koti jeusi?

Nikaingia Kariakoo. Nikanunua suti nyeusi, tai nyeusi, na soksi nyeusi jozi tatu kwa elfu mbili. Muuzaji alizivuta hadi zikafika urefu wa mkono, kunionyesha zinavyonyumbuka. Habari za rangi hatukugusia. Simu janja niliiacha Dar kwa heshima ya wakwe, nikabeba kitochi. Masharubu nilinyoa kila asubuhi kwa wiki tatu, kidevu nikakiacha kiote, mpaka mchumba akaniuliza kama nina upele.

Mshenga alikuwa mjomba wangu, Mdigo, Mwislamu wa swala tano, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi. Alilala tangu Mbezi hadi tunateremka Utegi, siku ya pili yake. Pale tukapakiwa kwenye Probox, watu wanane na kuku, tukaifuata barabara ya vumbi kuelekea ziwani. Suti yangu nyeusi ilifika Shirati ikiwa kahawia.

Nilikuwa natafuta farasi. Akaja shemeji na pikipiki, spika imefungwa chini ya usukani, kwaya inaimba. Nyumbani kuna sola, kuna televisheni ukutani, vijana wamekodolea macho mpira wa Uingereza. Baba mkwe akatoka na shati la kitenge, kidevu safi kama yai. Akanitazama kuanzia tai hadi viatu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa upole:

"Pole sana, mwanangu. Umefiwa na nani?"

Ilibidi nieleze. Nilieleza vibaya, huku mchumba wangu akikimbilia jikoni amejiziba mdomo na kanga. Mzee hakucheka. Alinikalisha akaninyoosha kama mwalimu.

"Wale wa farasi ni Waamish. Na baadhi ya ndugu zetu wa kizamani huko Marekani. Waamish sisi tulitengana nao mwaka 1693."

Alitamka "tulitengana" kwa uchungu wa mtu aliyekuwepo kwenye kikao. Mzee wa Kijaluo, kazaliwa Rorya, anazungumzia mgogoro wa Uswisi kama ugomvi wa mpaka wa shamba. Akaendelea: Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeuacha upadri 1536. Wamisionari waliotoka Lancaster, Pennsylvania, wakapanda kilima cha Katuru hapo hapo Shirati mwaka 1934. Askofu Zedekia Kisare, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wao, 1967. Mjomba alikuwa ameshasinzia huko Uholanzi.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba. Haki ya Mungu."

"Hapa hatuapi," alisema. "Ndiyo yako iwe ndiyo."

Mnijue: mtu wa Tanga ukimnyima kuapa umemkata ulimi. Jioni ile niliongea kidogo sana.

Wakati wa kulala mzee akasema, "Kesho ni Meza ya Bwana. Tutatawadhana." Mjomba akafumbua macho. "Wanatawadha?" aliniuliza chumbani. "Wakristo wa huku wana adabu." Sikumjibu, nilidhani ni lugha tu ya wazee.

Asubuhi nikavaa tena ile suti, maana nguo nyingine nilizobeba zilikuwa nyeusi pia. Soksi zilikuwa zile zile za safari. Jozi ya pili ilipasuka kisigino niliponyanyua mguu, ya tatu sikuiamini.

Kanisani wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao. Mjomba akabaki nje chini ya mwembe, kanzu yake nyeupe pee. Mchungaji aliwakaribisha mezani wageni waliobatizwa, tukala mkate, tukanywa kikombe. Halafu akafungua Yohana 13, pale Bwana anapojifunga kitambaa kiunoni, na mashemasi wakaanza kuingiza mabeseni.

Kwetu jambo hili lipo, lakini Alhamisi Kuu, na padri huosha watu kumi na wawili waliojulishwa mapema, ambao wote huwa wameshasugua nyayo kwa jiwe tangu Jumatano. Pale Shirati ni kila mtu na mwenzake. Nilianza kutafuta kijana wa rika langu. Nilipogeuka, baba mkwe alikuwa mbele yangu, taulo jeupe kiunoni, anapiga magoti.

Sasa njia nzima mchumba alikuwa amenisomesha: mkwe wa Kijaluo usimzoee, usikae karibu na mama, usicheke hovyo, mbele yao usile kama una njaa. Hakuna somo lililofika kwenye "baba akikuvua kiatu."

Kiatu kilitoka kwa sauti, pwaa, kama kizibo. Ikafuata soksi. Ilikuwa imelowa jasho la siku tatu na haikutaka kuachana na mimi. Ilipotoka, mguu wangu kuanzia kifundo kushuka chini ulikuwa na rangi ya bilinganya. Kucha zilikuwa nyeusi zaidi.

Mzee akanyamaza.

Niwaambie jambo ambalo mimi nililisahau wakati ule: mzee huyu alikuwa muuguzi, na miaka yake mingi ya kazi ilipita kwa wagonjwa wa ukoma hapo Shirati. Hakuona soksi. Aliona mgonjwa. Akakishika kidole gumba akakibinya.

"Unasikia?"

"Nasikia, baba."

"Na hapa?"

"Nasikia."

Akachomoa kalamu mfuko wa shati. "Fumba macho. Nionyeshe kwa kidole nagusa wapi."

Nikafumba macho. Katikati ya ibada, Wakristo wanaimba, mimi nikawa naonyesha nyayo zangu moja baada ya nyingine. Nilipofumbua, walikuwa watatu. Mzee alikuwa amewaita wastaafu wenzake wawili, mmoja ameshavaa miwani, wanajadiliana kwa Kijaluo huku mmoja ananigeuza mguu kama mtu anayechagua sato sokoni.

"Ni soksi, baba," nilisema. "Haki ya..." Nikajiuma ulimi.

Mzee akainua uso. "Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo. Soksi."

Akachovya mguu kwenye maji, akasugua mara moja. Beseni likawa wino. Akasugua tena, akaufuta kwa taulo, na taulo likabaki na unyayo wangu mzima, vidole vitano na kisigino, ungeweza kuupeleka polisi wakachukua alama. Mguu wa pili ukaweka wake pembeni.

Shemasi akaja kubadilisha maji ili nami nimwoshe mzee. Aliyamwaga nje ya mlango wa pembeni, na tukasikia kutoka chini ya mwembe, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi, "Astaghfirullah!"

Nilimwosha mzee miguu yake misafi isiyohitaji kuoshwa, kisha tukasimama tukakumbatiana, kama ilivyo desturi yao. Kifua chake kilikuwa kinatetemeka. Nilidhani Roho amemgusa, nikamkumbatia kwa nguvu zaidi, mpaka nikasikia anavuta pumzi kwa pua kama punda. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka hadi benediksheni.

Jumatatu tukakaa kikao cha mahari. Mjomba alikuja na kanzu yenye madoa ya zambarau hadi magotini, na wazee wa upande wa pili wote walikuwa wanatazama dari. Msemaji wao akafungua daftari, akakohoa.

"Ng'ombe kumi na mbili," akasoma. "Na taulo moja, jeupe."

Ng'ombe tulivutana hadi saa kumi jioni, wakashuka wakawa nane. Taulo hawakupunguza.