Nani alishinda mdahalo? Inategemea umeulizwa lini

Mdahalo wa wagombea ukiisha, malumbano mengine huanza. Kituo cha televisheni kinatangaza kura ya maoni inayompa fulani ushindi, na wafuasi wa mpinzani wake wanasema waandishi wamenunuliwa. Hoja hiyo si ya kupuuza, ila naona wengi wanausaka upendeleo mahali usipokaa.

Chukua mdahalo wa Oktoba 6, 1976, mjini San Francisco. Rais Gerald Ford wa Marekani, akipambana na mgombea mwenzake Jimmy Carter, alitamka kwamba Wasovieti hawaitawali Ulaya Mashariki. Watazamaji waliopigiwa simu usiku uleule hawakushtuka. Waliosema Ford ameshinda waliwazidi wa Carter. Kesho yake magazeti na televisheni zikaishikia bango kauli ile kutwa nzima, na walioulizwa jioni wakampa Carter ushindi wa mbali. Mdahalo ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni maelezo ya waandishi, kwa hiyo anayedai kuwa kura hizi hupima habari za kesho yake kuliko mdahalo wenyewe ana ushahidi mkononi.

Lakini Ford alikuwa amekosea kweli. Wakati akisema hayo, majeshi ya Kisovieti yalikuwa yamepiga kambi Poland. Mwandishi anayejua hivyo akanyamaza, ili asionekane ameegemea upande, atakuwa amemsaidia nani? Kwangu mimi ile ilikuwa kazi yao. Siwezi kusema hivyo kuhusu mdahalo wa urais wa Marekani wa mwaka 2000, mgombea Al Gore alipokuwa akishusha pumzi kwa nguvu mpinzani wake George W. Bush akizungumza. Vituo vilizirudiarudia zile pumzi mpaka hoja za kodi na bima ya afya zikafunikwa. Hapo sina utetezi.

Hata hivyo, kelele za "tunaonewa" peke yake hazithibitishi kitu. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya jaribio lao: waliwaonyesha wanaoiunga mkono Israeli na wanaowaunga mkono Waarabu taarifa zilezile za televisheni kuhusu mauaji ya Wapalestina huko Sabra na Shatila, nchini Lebanon. Kila kundi likaona taarifa hizo zimelikandamiza lenyewe.

Kura za kubofya mtandaoni tuziache. Anayepiga ni yule mwenye hamu ya kupiga, na wingi hauponyi kasoro hiyo. Jarida la Marekani la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili mwaka 1936, likamtabiria Alf Landon urais. Mpinzani wake, Franklin Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48.

Kinachonikera zaidi ni upendeleo usio na chama, ule wa kupenda habari yenye mbio. Ukihoji watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kiwango cha makosa ni kama asilimia 3 juu au chini kwa kila mgombea, na kwenye pengo kati ya wawili wanaokabana kinakaribia maradufu. Kwa hiyo 46 kwa 44 haimtambulishi anayeongoza. Kichwa cha habari kitasema "aongoza" tu, na wiki ijayo namba zikipinduka kitasema "apaa baada ya mdahalo", ingawa huenda hakuna mpiga kura hata mmoja aliyebadili msimamo. Mhariri ukimbana, atakuonyesha kiwango cha makosa kilivyoandikwa chini ya jedwali, kwa herufi ndogo.