Kijiko chenye uzi mwekundu

Shangazi alipokuja Dar kutoka Korogwe kuanza matibabu ya saratani kwa mionzi, alikuta nyumba imeshamwandalia kila kitu: chumba cha nyuma chenye feni, shuka mpya, ndoo yake ya kuogea, na kijiko kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mpini. Kijiko sikukigundua siku ya kwanza. Nilikigundua siku ya tatu nikiosha vyombo, nikauliza uzi ni wa nini. Wifi akashusha sauti: "Cha shangazi hicho. Kisichanganyike na vya watoto."

Nisimsingizie wifi ubaya. Ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kumpikia shangazi uji ili asiende hospitali ya saratani ya Ocean Road na tumbo tupu. Ndiye aliyemshika mkono kupanda bajaji. Upendo na hofu vilikuwa vimelala kitanda kimoja, na sidhani ni nyumba yetu tu.

Kilichouma zaidi ni sinia. Kwetu wanawake na watoto tunakula pamoja, mikono mitano sita kwenye wali mmoja. Shangazi akawa anapakuliwa pembeni, kwenye sahani ya plastiki, na sisi tukisema eti ni ili ale kwa nafasi. Alivumilia siku nne. Ya tano akasukuma sahani, akasema taratibu, bila hasira: "Mie nimewatafunia ninyi chakula mkiwa hamna meno. Leo mate yangu yamekuwa sumu?" Hakuna aliyejibu. Kaka akabeba sahani yake, akaenda kukaa mkekani karibu naye, wakala wote wawili kwenye ile ya plastiki. Kesho yake sinia likarudi.

Saratani haiambukizi kwa kukaa na mgonjwa. Kula naye, kumwogesha, kulala naye kitanda kimoja, kumbusu, kufua nguo zake, kutumia choo kimoja, hata mume na mke kuendelea na mambo yao ya ndani kama afya ya mgonjwa inaruhusu: hakuna hata kimoja kinachoihamisha. Saratani ni seli za mwili wa mtu mwenyewe zilizoacha kufuata utaratibu. Zikiingia kwako, kinga yako inazitambua kuwa ni za mgeni na kuziua.

Hili liliwahi kujaribiwa kwa namna ya aibu. Marekani, miaka ya 1950, daktari Chester Southam aliwadunga wafungwa wa gereza moja la Ohio seli hai za saratani chini ya ngozi. Vinundu vilivimba, kisha vikanywea vyenyewe, kwa sababu wale watu walikuwa na afya na miili yao ilizikataa. Wafungwa hawakupaswa kufanyiwa vile. Ila kama sindano yenye seli hai ilishindwa, kijiko cha uji kitaweza vipi?

Wapo wanyama ambao saratani kweli hupita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kule kisiwa cha Tasmania, Australia, kuna mnyama wa ukubwa wa mbwa mdogo ambaye hupata uvimbe usoni kwa kuumwa na mwenzake, kwani seli za uvimbe ule hujificha kiasi kwamba mwili hauzitambui kuwa ni za mgeni. Kwa binadamu imetokea kwa nadra mno, kwa mfano kwa mtu aliyepandikizwa kiungo chenye seli zile huku akinywa dawa za kushusha kinga. Hakuna kati ya hayo linalohusu jiko letu.

Lakini nisijifanye kwamba wifi aliokota hofu yake hewani. Saratani ya shangazi ni ya mlango wa kizazi, na hiyo karibu yote huanza na kirusi cha HPV. Kirusi kinaambukiza, saratani haiambukizi; watu wakisikia vyote kwenye sentensi moja wanachanganya, na mimi siwalaumu. Kirusi hicho hupita kwa kujamiiana. Wengi wetu tuliowahi kuwa na mwenza tumekipata wakati fulani, mwili ukakifuta bila sisi kujua. Kwa wachache kinang'ang'ania, na baada ya miaka kumi, ishirini, kinaweza kuzaa saratani. Kwa hiyo swali la "aliipata wapi" halina jibu la kumnyooshea mtu kidole, iwe yeye au marehemu mumewe. Na kwenye sahani hakimo.

Homa ya ini aina ya B nayo ni hivyo: kirusi kinachoweza kuishia kwenye saratani ya ini, kikipita kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Hapa nitakuwa mkali: kama mko watano mnachangia wembe mmoja nyumbani, uacheni leo, awepo mgonjwa au asiwepo.

Jirani yetu, aliyekuja kutoa pole na kukaa mpaka magharibi, alikuwa na hoja yake: "Mbona kuna nyumba mama anaugua matiti, kisha binti, kisha mdogo mtu? Si wanaambukizana?" Hapana, wanarithishana, na hata hivyo kinachorithiwa ni vinasaba vyenye kasoro vinavyoongeza uwezekano, ugonjwa wenyewe haurithiwi. Tena saratani za namna hiyo ni chache, kama 5 hadi 10 katika kila 100. Nyingine zinafuatana ukoo mmoja kwa sababu ukoo mmoja unakula ghala moja. Mahindi na karanga zenye sumukuvu zikiliwa miaka na miaka huharibu ini la baba na la mwana. Moshi wa sigara ya babu unavutwa na wote waliomo chumbani. Anayeona ndugu wawili wamelala wodi moja na kusema wameambukizana ameona kweli kitu, ila amekisoma vibaya.

Na tahadhari? Zipo, ila zimekaa upande usiodhaniwa. Mgonjwa akitoka kuwekewa dripu za saratani, dawa hutoka kwenye mkojo na matapishi kwa siku mbili tatu, kwa hiyo anayesafisha avae glavu. Anajikinga na dawa, wala si ugonjwa. Mionzi ya mashine aliyopigwa shangazi inabaki kulekule kwenye mashine. Anaporudi nyumbani hana mionzi yoyote ya kumpa mtoto anayemkalia mapajani. Anayekunywa dawa ya mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo ndiye huambiwa akae mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, na hospitali humwambia mwenyewe.

Zaidi ya hapo, mwenye haki ya kuogopa ni mgonjwa. Dripu zinashusha kinga yake. Mafua yako wewe yanaweza kumlaza. Tulikuwa tunatenga kijiko cha shangazi huku watoto wenye kikohozi wakijazana chumbani kwake kutazama katuni kwenye simu.

Kinachonikera hasa si kijiko, maana uzi wenyewe ulichakaa kwa sabuni ukakatika, na sasa siwezi kukijua ni kipi. Ni chanjo. Chanjo ya HPV hapa Tanzania inatolewa bure tangu 2018, ilianza na wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikafunguliwa kwa walio na miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Binti wa kaka ana miaka 12. Siku wachanjaji walipokwenda shuleni kwao, wifi alimzuia nyumbani. Kasikia inafunga kizazi. Nilimwambia kilichomleta shangazi Dar ndicho hicho hasa chanjo inachozuia, na kwamba kinachofunga kizazi ni ile saratani yenyewe. Akanyamaza. Mtu yuleyule aliyeifungia uzi hofu isiyokuwepo ameiachia mlango wazi ile iliyopo.

Kaka anasema tumpe muda. Mimi nimeshakosana na wifi mara mbili kwa hili na sitaomba radhi.

Shangazi amemaliza mionzi na kurudi Korogwe. Mwezi ujao anakuja kliniki, na alipopiga simu juzi hakuuliza habari zangu kwanza. Aliuliza zahanati ya jirani inachanja siku gani. Anasema yeye mwenyewe atampeleka mjukuu wake, yule binti wa kaka, na nauli ya bajaji ya watu wawili ameshaifunga kwenye pindo la khanga.