IgG (kingamwili kuu za kwenye damu) iko kawaida, sasa mbona mtoto anaumwa kila mwezi?

Mtoto wa dada yangu ana miaka 7 na daftari lake la hospitali ni la tatu sasa, fungua ukurasa wowote ni nimonia, sikio, nimonia tena. Akija kulala kwangu asubuhi nakuta usaha wa sikio umekauka kwenye foronya. Na kila tukienda ni kipimo cha HIV, hana, haya chukueni antibayotiki nendeni. Jamani, mpaka lini?

Baadae daktari mmoja akapima kingamwili, IgG ikatoka kawaida, tukaambiwa kinga iko sawa. Hapo ndo nabisha. Ile namba ni jumla tu, unaweza kuwa na funguo debe zima na usipate hata moja ya mlango wako. Kuna watoto jumla yao iko vizuri kabisa ila mwili unashindwa kutengeneza kingamwili za bakteria wenye ganda la sukari kama nyumokokasi, na huyo ndo mleta nimonia na masikio mwenyewe.

Kujua si uchawi: unatoa damu, unachoma chanjo ya nimonia ile ya aina 23 za nyumokokasi (sio ile wanayochomwa wachanga kliniki), unasubiri wiki 4 mpaka 8, unatoa damu tena. Mtoto wa umri wake anategemewa afikishe kingamwili mikrogramu 1.3 kwa mililita kwenye asilimia 70 ya aina zilizopimwa, chini ya miaka 6 ni asilimia 50. Wa chini ya miaka 2 hapimwi hivi, mwili wake haujakomaa kuijibu chanjo hiyo.

Sasa wa kwetu alichomwa kwanza ndo damu ikatolewa. Majibu yakaja ya katikati, na daktari mwingine akashindwa kusema kingamwili zimepanda au zilikuwepo tangu chanjo za utotoni. Iliniuma sana, maana kosa lenyewe ni la kichupa kimoja cha damu.

Kwa hiyo mama, kabla sindano haijaingia uliza damu ya kwanza iko wapi, na omba sampuli zote mbili zipimwe maabara moja kwa njia ile ile. Na kama wanataka kuanza dripu ya imunoglobulini, kipimo kitangulie, maana ukishawekewa kingamwili za watu waliochangia damu huwezi tena kujua zipi ni za mtoto.