Hasidi Hana Sababu, Mita 12 Juu ya Sahare

Kila anayejishughulisha na redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na wenzako wa mbali kwa kujifurahisha, hufika siku ambayo waya wa antena alioutundika kwenye mnazi haumtoshi tena. Wangu ulikuwa umenifikisha mbali: kutoka hapa Sahare, jijini Tanga, nilikwisha kuzungumza na watu wa Oman, Italia na hata Japani kwa wati 100, nguvu ambayo balbu moja ya kizamani huimaliza kwa kuangaza sebule tu. Lakini mnazi huyumba, huangusha nazi bila taarifa, na haukubali kubeba antena ya mwelekeo, ile yenye vijiti vitatu virefu vinavyolazwa sambamba. Katika masafa ya megahezi 14 wimbi lina urefu wa mita 21 hivi, kijiti kimoja kina nusu ya hapo, na ili mawimbi yaondoke yamelala kuelekea upeo wa macho badala ya kupaa kichwani kwa mtu, antena inatakiwa iwe juu ya ardhi kwa angalau nusu ya urefu wa wimbi. Kwa hesabu hiyo nikaamua kusimamisha mnara wa mita 12.

Mnara unaoshikiliwa kwa nyaya ungekuwa na gharama ndogo. Tatizo ni kwamba nyaya hizo hutakiwa zifungwe mbali, pengine kufikia asilimia 80 ya urefu wa mnara, na mimi nikizihesabu mita hizo kutoka katikati ya uwanja wangu najikuta jikoni kwa Shangazi upande mmoja na sebuleni kwa Mjumbe upande wa pili. (Shangazi si wangu wa damu, mtaa mzima humwita hivyo, wakiwamo wanaomzidi umri.) Ikabidi uwe mnara wa kujisimamia wenyewe, ambao hauna kinachouzuia usipinduke isipokuwa uzito wa msingi wake: shimo la mita moja na nusu kila upande, ambalo likijazwa zege huwa na uzito wa tani 8 hivi.

Shimo la ukubwa huo haliwezi kuchimbwa Tanga kimyakimya. Siku ya kwanza watu waliuliza kama ni choo, siku ya pili kama ni kisima, na lilipozidi kimo cha mtoto wakaacha kuuliza wakaanza kunisalimu kwa heshima nisiyoizoea. Mjerumani aliondoka Tanga mwaka 1916, lakini mali yake, kwa imani ya watu wengi, haikuondoka naye. Asubuhi moja nilikuta shimo limeongezeka kina kwa zaidi ya nusu mita, udongo umerundikwa vizuri kando, na chini kabisa pameachwa mshumaa na kofia ya kiua. Mwenye kofia hakujitokeza. Fundi wangu hakushangaa hata kidogo. Alilipima shimo kwa futi yake, akanidai malipo ya kina kilichozidi, na nilipomwambia kwamba hakulichimba yeye, akanijibu kwamba bei hufuata shimo, haimfuati mchimbaji. Zege la ziada nililinunua mimi pia.

Tulipokwisha kufunga nondo, kusimamisha bolti za msingi na kumwaga zege, kazi ilisimama, kwa sababu zege huhitaji siku 28 kufikia nguvu yake iliyokusudiwa, na kipindi hicho chote fundi wa kuchomelea aliutumia kuunganisha mnara ukiwa umelala. Uwanja wangu hauna mita 12 kwa upande wowote ule. Kwa hisani ya Shangazi, tulitoboa ua wa makuti unaotutenganisha na kukipitisha kichwa cha mnara hadi kwake, kikalazwa juu ya mapipa katikati ya migomba. Nilimshukuru kwa kilo ya sukari. Yeye akaupokea mnara kama watu wanavyompokea mgeni wa kudumu: wiki ya kwanza aliuonea haya, wiki ya pili akaanika juu yake taulo moja, na kabla zege halijakomaa ile sehemu ya mita tatu iliyokuwa kwake ilikuwa imebeba mashuka, sare za shule na mkeka wa kuswalia. Kwa kweli sijaona kamba ya kuanikia iliyo imara kama mnara wa pembetatu; nguo ikisokotwa kati ya vyuma vya kukingamana, hata kusi ya mwezi wa saba haiing'oi.

Hapa sina budi kumweleza msomaji habari za Bi Mkubwa, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya njia, upande wa kaskazini. Yeye na Shangazi waliwahi kucheza upatu mmoja, zamu zikapinduliwa, na tangu hapo hawajasemezana kwa kinywa. Wanasemezana kwa kanga. Katika harusi moja ya mtaani Shangazi alivaa kanga nyekundu yenye maneno HASIDI HANA SABABU, akakaa safu ya mbele kabisa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa hasidi ni nani. Kanga hiyo ikapata umaarufu kuliko bibi harusi.

Kwa kazi ya kuusimamisha mnara sikutafuta mafundi. Niliwaendea wavuvi wa bandari ndogo ya Deep Sea, watu ambao kusimamisha mlingoti kwao ni kazi ya kabla ya chai, na nahodha wao akaja na kamba, roda mbili na vijana wa kutosha. Niliandaa mchoro wenye mishale. Nahodha aliutazama kwa adabu, akaukunja na kuutia mfukoni mwangu. Miguu miwili ya mnara ilikwishafungwa kwenye bawaba za msingi. Nguzo ya pili ikasimamishwa wima pale penye bawaba ili iwe wenzo, kamba ikapita juu yake na kuingia kwenye roda, na kamba nyingine ikafungwa nyuma, kwa kuwa mnara ukikaribia wima huwa mwepesi ghafla na huweza kupitiliza na kuangukia upande wa pili. Shangazi aliombwa aondoe nguo zake. Alikusanya mzigo mzima kwa mikono miwili, akaingia nao ndani.

Mwanzo wa kuvuta ndio mzito. Kamba ililia, roda ikatoa vumbi la kutu, vijana wakachimba nyayo zao mchangani huku Nahodha akiwaimbia, na kile kichwa kikajitoa taratibu katika migomba. Mtoto mmoja aliyekuwa juu ya ukuta ndiye aliyepiga kelele: "Mnara umevaa kanga!"

Ulikuwa umevaa kweli. Kule kwenye ncha kabisa, upande uliokuwa umeelekea chini wakati wote mnara ulipolala, Shangazi alikuwa amezifunga pembe mbili za kanga yake kwa mafundo ya kutosha kumfunga ng'ombe, na majani ya migomba yalikuwa yameificha. Vijana wakaanza kucheka. Kucheka huku umeshika mnara ulioinama nusu ni jambo la hatari, kwani mikono hulegea kabla mtu hajatambua, nami niliiona kamba ikirudi nyuma shubiri nzima katikati ya viganja vyao. Nahodha akafoka kwamba atakayecheka atalipa mnara. Wakauma midomo, machozi yakiwatiririka, wakavuta kwa kishindo kimoja, na mguu wa tatu ukakaa juu ya bolti zake.

Kusi ikaikunjua kanga. Pembe zilizofungwa zilikuwa za juu, kwa hiyo maandishi yalining'inia sawasawa, na kwa kuwa upepo ulitoka kusini, kitambaa kizima kilijinyoosha kuelekea kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alitoka, akatia kiganja juu ya paji la uso. Nilimwamkia: "Shikamoo, Bibi." Akaitikia "Marahaba" bila kunitazama. Macho yake hayafiki mbali, kwa hiyo akamwita mjukuu wake, ambaye yuko darasa la pili, amsomee kilichoandikwa pale juu. Mtoto akasimama wima kama alivyofundishwa na kusoma kwa sauti ya kuridhisha mwalimu yeyote: "Ha-si-di. Ha-na. Sa-ba-bu." Kisha, kwa kuwa hakuna aliyempongeza, akarudia kwa mkupuo mmoja. Bibi akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amejitanda nyingine: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE, SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Akakalia kibaraza chake, uso kwa mnara.

Mjumbe aliwasili akiwa ameshika peni. Alitaka kuiona leseni yangu ya Mamlaka ya Mawasiliano, nikamletea, akaisoma hadi muhuri. Akaniuliza kama inaniruhusu kutangazia umma. Nikamjibu kwamba hairuhusu. Mwanaredio wa ridhaa huzungumza na wanaredio wenzake, hana ruhusa ya kuendesha matangazo. Akaniuliza kama inaniruhusu kutuma mafumbo. Hapo nikakwama, maana kanuni za kimataifa zinakataza waziwazi kituo cha ridhaa kutuma ujumbe uliofumbwa kwa nia ya kuficha maana. "Basi hiyo ni nini?" akasema, akinyoosha peni juu. Nilijitetea kwamba ujumbe ule haukufichwa maana hata chembe, muulize yeyote. Mjumbe alifikiri, akakiri kwamba ni kweli, akaandika neno moja daftarini ambalo hakunionyesha.

Njia nyepesi ilikuwa kumpandisha kijana mmoja aifungue. Nahodha alikataa, na alikuwa na haki: nati za msingi zilikuwa zimekazwa kwa mkono tu, mnara ulikuwa bado haujanyooshwa kwa timazi, na mnara usiokazwa haupandwi hata na paka. Kuunyoosha ni kazi ya kuinua na kushusha nati moja baada ya nyingine huku mtu akilitazama timazi kutoka pande mbili, nayo huchukua muda. Wakati huo maji yalikuwa yanatoka na wavuvi walitaka kuyawahi. Nikamfuata Shangazi nikamsihi angalau atamke mbele ya watu kwamba ilisahaulika. Sentensi moja tu ingetosha. Shangazi alitoka hadi mlangoni, akaitazama kanga yake ikipepea, akamtazama Bi Mkubwa, akanijibu kwa sauti iliyovuka njia bila haraka:

"Iacheni, mwanangu. Bado mbichi."

Ikalala huko huko. Usiku kusi ilizidi, na alfajiri ncha ya mnara ilikuwa tupu, mafundo mawili yakiwa yamebaki na vipande vyake vya kitambaa. Kanga yenyewe ilikuwa juu ya bati la Bi Mkubwa. Mjukuu akaiteremsha kwa fimbo ya kuangulia maembe, ikafuliwa, ikapigwa pasi, ikapindwa upya pale pembeni ilipochanika. Shangazi alipomtuma mtoto kuidai, alijibiwa kwamba kinachomdondokea mtu kutoka mbinguni ni riziki yake. Katika harusi iliyofuata Bi Mkubwa ndiye aliyekaa safu ya mbele, ndani ya nyekundu ile, na maneno yale yale yalifanya kazi barabara yakielekezwa upande wa pili.

Fidia nilidaiwa mimi, kwa hoja kwamba mnara ni wangu. Nilikwenda dukani kutafuta doti isiyo na ugomvi, na naweza kushuhudia kwamba kitu hicho ni adimu; kila niliyoifungua ilimsema mtu. Mwisho nikanunua doti mbili za rangi moja, zote zikisema WEMA HAUOZI, nikapeleka moja kwa kila nyumba. Shangazi akaisoma na kusema kwamba Bi Mkubwa anastahili kuambiwa hivyo. Bi Mkubwa akasema yaleyale, akimtaja Shangazi. Ijumaa walitoka saa moja, kila mmoja na yake, wakasimama kila mtu kwenye kizingiti chake mpaka jua lilipowashinda.

Antena ilipanda baadaye, nati zikiwa zimekazwa kwa spana na timazi limetulia. Kabla ya hapo fundi aliukagua mnara chuma kwa chuma, kutoka chini hadi juu. Alikuta soksi moja ya shule, na ingawa haikuwa na maandishi yoyote, tuliishusha haraka kabla haijapata wa kuisoma.