Jumba la Jiji la Boston: wanaolichukia wanachukia zege au uwanja?

Januari 2025 jiji la Boston, Marekani, lililiwekea jumba la ofisi zake ulinzi wa kisheria kama jengo la kihistoria. Ni jumba hilohilo ambalo meya Thomas Menino alitaka liuzwe mwaka 2006, ofisi zihamie ufukweni, South Boston. Usidhani alikuja kulipenda baadaye. Mpango wake ulikwamishwa na mdororo wa uchumi wa 2008.

Niwape nafasi kwanza wanaolichukia, maana wana hoja. Ili eneo la Government Center, lilipo jumba hili, lijengwe, mtaa wote wa Scollay Square ulibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960: vichochoro, baa, vibanda, majumba ya burudani. Wakubwa walipaona pa kihuni. Badala yake ukatandazwa uwanja wa matofali mekundu, mpana na mtupu, ambao kwa miaka mingi majira ya baridi ulipigwa na upepo wa kukata masikio, na Julai, ambako kule ni msimu wa joto, haukuwa na kivuli cha kumsitiri mtu. Ukishauvuka unakutana na kuta za zege lisilo na lipu, ndipo unaanza kuutafuta mlango. Fundi wa Kariakoo angeuliza kazi itamalizika lini.

Hilo la lipu lina maelezo yake. Wengi husikia jina Brutalizimu, mtindo uliotumika kulijenga jumba hili, wakafikiria ukatili (kwa Kiingereza, brutal), kumbe chimbuko lake ni Kifaransa, béton brut, zege ghafi: jengo lionyeshe limejengwa kwa nini, hata alama za mbao zilizofungia zege zibaki ukutani. Boston ilipoitisha shindano la michoro mwaka 1962, michoro 256 iliwasilishwa. Washindi wakawa Gerhard Kallmann, mzaliwa wa Ujerumani, Mwingereza Michael McKinnell aliyekuwa na miaka 26 tu, na mwenzao Edward Knowles. Jumba lilifunguliwa 1969.

Lisome kutoka chini kwenda juu. Ghorofa za chini, zenye matofali yaleyale ya uwanjani yanayoingia hadi ndani, ni za mwananchi anayefuata leseni, cheti au kulipa kodi. Katikati, yale maboksi makubwa yanayochomoza nje ni ya meya na madiwani: wamechaguliwa, basi waonekane. Safu za madirisha yanayofanana kule juu ni za watumishi wa ofisini. Mtu aliyesimama nje anaweza kukuonyesha kwa kidole nani anakaa wapi. Jumba la zamani la jiji, la mwaka 1865 pale School Street, ni zuri kuliangalia lakini halikwambii lolote la namna hiyo. Haishangazi kwamba 1976 wanahistoria na wasanifu majengo walilipa hili la zege nafasi ya sita kati ya majengo bora katika historia ya Marekani.

Lakini watetezi nao hujisahau. Wakisema jumba hili ni uwazi wa serikali uliojengwa kwa zege, nawauliza: uwazi gani, ikiwa mlango hauonekani? Tena baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 mlango wa kaskazini ulifungwa kabisa. Kwa kipimo chake lenyewe, jumba lilifeli.

Je, dawa ilikuwa kubomoa? Goshen, jimbo la New York, walikuwa na jengo la serikali la mtindo huohuo, lililochorwa na msanifu Paul Rudolph, lenye paa 87 zilizovuja miaka nenda rudi. Lilifungwa 2011 baada ya kimbunga Irene, na 2015 sehemu yake ikabomolewa. Boston ilitumia njia nyingine. Mwaka 2022 ilikamilisha ukarabati wa uwanja: miti ikapandwa, njia za mteremko zikajengwa kwa wanaotumia viti vya magurudumu, sehemu ya watoto kuchezea ikawekwa, na mlango wa kaskazini ukafunguliwa. Zege halikuguswa sana, na bado mahali pakaanza kukalika. Kwangu huo ni ushahidi kwamba sehemu kubwa ya lawama ilikuwa ya uwanja, jumba likahukumiwa kwa kosa la jirani.

Linabaki shitaka moja ambalo miti haiwezi kulijibu, la Scollay Square. Waliovunjiwa wana haki ya kulitazama zege lile kwa uchungu. Ila nao, jumba likivunjwa kesho, hawatarudishiwa hata kichochoro kimoja.