Milioni mbili au jua la peke yako?

Tuseme jini anakutokea pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, akupe uchague kimoja: shilingi milioni mbili kila mwezi hadi ufe, au jua lako mwenyewe, linalowaka juu ya chanja zako za dagaa hata kama kwa jirani mvua inamwagika. Ule ujanja wa kuomba matakwa mia kaupiga marufuku.

Wengi watadaka milioni, na si wajinga. Pesa hugeuka ada, bati, mahari. Jua linakausha dagaa basi. Tena mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, na jua lako linabaki kuangazia chanja tupu. Asiye na mtaji wa kununua dagaa wabichi ndiyo kabisa, atakuwa na jua zuri la kuota.

Lakini subiri masika. Dagaa wakinyeshewa wanaharibika, wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Siku hizo wabichi wanashuka bei kwa sababu watu wanaogopa kuanika, na wakavu wanapanda. Mwenye jua ananunua chini, anauza juu. Kiangazi, kila mtu anapoanika bure, jua hilo halina thamani hata ya shilingi. Faida yake yote inatokana na jirani kulikosa. Jini akiwa mkarimu akawagawia waanikaji wote kuanzia Igombe hadi Ukerewe, wabichi watapanda, wakavu watashuka, na atakayecheka ni mnunuzi wa Kongo anayepakia magunia.

Pesa nayo ina mchwa wake. Benki Kuu hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 3 hadi 5 kwa mwaka. Chukua asilimia 4: baada ya miaka 18, milioni mbili zako zinanunua nusu ya kile zinachonunua leo. Jua halina shida hiyo, kwani kipato chake kinapanda pamoja na bei ya dagaa. (Jini, nahisi, analijua hili vizuri sana.)

Hata hivyo ningechukua pesa, kwa sababu jua linaigika. Vikaushio vya sola, fremu na nailoni tu, vipo tayari. Vikizagaa, muujiza wangu unakuwa kifaa cha kawaida, wakati kwa milioni mbili za mwezi wa kwanza ningeanza kujijengea cha kwangu. Ila ningebishana naye kidogo: kila mwezi anilipe thamani ya idadi fulani ya magunia ya dagaa, kwa bei ya Mwaloni ya siku hiyo. Akikataa, basi kijana wa miaka 20 mwenye mtaji wake tayari anaweza kuchukua jua, mradi awahi kuvuna kabla vikaushio havijafika kwa majirani.